Wanafunzi wa Sheria Wasiachwe Wakivukuta Tu

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunga masomo ya darasani, huonekana katika mitaa ya Vuga, Shangani na Malindi vijana wa kike na wa kiume waliovaa nadhifu, bahasha za kaki mkononi, wakipanda na kushuka ngazi za ofisi za mawakili. Ndani ya kila bahasha mna barua ya chuo isemayo kwamba mwenye kuichukua ni mwanafunzi wa sheria, na kwamba anaombewa nafasi ya kufanya mafunzo ya vitendo kwa muda wa wiki kadhaa. Wengine hupokewa siku hiyo hiyo. Wengine huambiwa warudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika huambiwa nafasi zimejaa.

Huenda wako watakaoliona jambo hili kuwa ni dogo, la vijana na walimu wao, lisilostahili nafasi katika safu hii. Sisi hatuoni hivyo. Kijana anayebisha hodi leo kwa wakili ndiye atakayesimama kesho mbele ya hakimu kumtetea mkulima wa Makunduchi aliyenyang'anywa shamba, au mjane wa Wete anayedai haki ya watoto wake. Baadhi yao watakuwa waendesha mashtaka, baadhi mahakimu, na baadhi watakaa wizarani wakiandika mikataba itakayoifunga Serikali kwa miaka mingi. Namna tunavyowafunza kazi hivi sasa ndiyo namna watakavyotuhudumia sisi na watoto wetu.

Wahenga wetu walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni wazi. Mtoto aliyezaliwa penye kazi ya chuma hata kama hajapewa nyundo hupewa mivukuto, na kwa kuvukuta huko hujifunza. Kuvukuta ni kazi ya chini, yenye moshi na jasho, lakini hufanywa ndani ya kiwanda, mbele ya moto. Mvukutaji huona chuma kinavyobadilika rangi, huona nyundo inapoangukia, huona kile kilichoharibika kikirudishwa motoni. Siku atakapopewa nyundo, mkono wake utakuwa mgeni lakini jicho lake litakuwa lenyeji. Suali tunaloliuliza leo ni hili: je, wanafunzi wetu wa sheria huvukuta mbele ya moto, au tumewaweka chumba cha pili ambako moto hauonekani?

Ziko ofisi, na tunazipa heshima zinazostahiki, ambazo humpokea mwanafunzi kwa mpango. Siku ya kwanza huelezwa miiko ya ofisi na kukabidhiwa jalada moja alisome toka ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho: barua ya madai, hati ya madai, majibu ya mdaiwa, hati za viapo, amri za Mahkama na sababu za kila ahirisho. Huruhusiwa kukaa pembeni mteja anapohojiwa, ikiwa mteja mwenyewe ameridhia. Hutakiwa aandike rasimu ya barua, na rasimu ile hurudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Hufuatana na wakili Mahkamani, na wakirudi huulizwa ameona nini na kwa nini hakimu ameamua vile. Mwanafunzi wa namna hii hurudi chuoni akiwa mtu mwingine. Vifungu alivyokuwa akivikariri sasa vina sura za watu.

Lakini ziko ofisi nyingine, na kila aliyepita humo anazijua, ambako mwanafunzi hupewa kiti karibu na mlango. Hutumwa kutoa nakala, kununua vocha ya simu na kuleta chai. Saa nyingine zote hukaa na simu yake hadi adhuhuri. Hajui kesi gani imo ndani ya majalada anayoyabeba, wala hakuna anayemwambia. Wiki zikitimia huleta fomu ya tathmini, na wakili ambaye pengine hana hakika na jina lake huandika kwamba kijana ameonesha bidii kubwa na ameifahamu kazi. Fomu hupigwa muhuri, hurejeshwa chuoni, na alama hutolewa.

Hapa pana uongo wa watu watatu. Mwanafunzi anajua kwamba hakujifunza, wakili anajua kwamba hakumfunza, na chuo hakikuuliza. Mtu anayejitayarisha kuwa afisa wa Mahkama, ambaye kesho ataapa kusema kweli na kutompotosha hakimu, anaanza maisha yake ya sheria kwa kupokea hati isiyo ya kweli. Hilo peke yake lingetosha kutushitua.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kutoa nakala ni kazi ya kumdhalilisha msomi. Katika ofisi ya wakili hakuna kazi ndogo. Mwanafunzi anayeelezwa kwamba nakala moja ni ya Mahkama, moja ya upande wa pili na moja ya jalada, na kwamba upande wa pili usipofikishiwa hati kwa utaratibu shauri haliwezi kwenda mbele, amekwisha jifunza jambo kubwa juu ya haki ya kusikilizwa. Mwanafunzi anayetumwa kupeleka hati ya kiapo, akaambiwa kwanza aiangalie kama imetaja mahali na tarehe ilipoapwa na mbele ya nani, atajifunza kwamba kasoro ya mstari mmoja inaweza kulitupa nje ombi la mtu ambaye madai yake yalikuwa ya haki. Kazi ni ile ile ya kubeba karatasi. Kinachotofautisha ni kama kuna mtu aliyempa dakika tano za maelezo.

Athari za kupuuza jambo hili tumekwisha ziona. Mwezi Oktoba 2022 nchi nzima ilishitushwa na matokeo ya Skuli ya Sheria ya Tanzania iliyopo Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 ili kuwapa wahitimu wa shahada mafunzo ya uwakili. Katika wanafunzi 633 waliotajwa katika matokeo hayo, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wanafunzi 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondoshwa. Pakazuka mjadala mkubwa: wako waliolaumu mitihani, wako waliolaumu walimu, na wako waliolaumu vyuo vilivyowapa vijana hao shahada. Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo.

Sisi hatuna nia ya kuufufua ugomvi huo. Tunasema tu kwamba watu 633 hawakuingia Skuli ya Sheria wakitokea hewani. Walikuwa wahitimu wenye shahada, waliosoma miaka kadhaa, na wengi wao walipitia mafunzo ya vitendo katika ofisi fulani, wakasainiwa fomu zilizosema kwamba wameifahamu kazi. Kama fomu hizo zingekuwa za kweli zote, ni vigumu kuamini kwamba idadi kubwa kiasi hicho ingekwama.

Kwetu sisi Visiwani jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu ya historia yetu. Upande wa Bara, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria, na tangu hapo vizazi vya wanasheria vimerithishana kazi bila ya kukatika. Hapa Zanzibar, mfumo wa Mahkama za Wananchi uliotumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi ulipoondolewa mwaka 1985 haukuwapa mawakili nafasi ya kusimama kwa niaba ya washitakiwa na wadai. Iwe msomaji ana maoni gani juu ya kipindi kile, jambo moja halina ubishi: pale ambapo wakili haruhusiwi kusimama, hapawezi kuwa na kijana wa kusimama nyuma yake akijifunza. Mnyororo wa mkubwa kumfunza mdogo ulilegea kwa muda wa miaka kumi na tano hivi, na kazi ya kuuunga upya imekuwa ngumu.

Kazi hiyo imefanywa na watu wachache kwa moyo mkubwa. Mwaka 1992, marehemu Profesa Haroub Othman na wenzake walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimewapa wananchi wanyonge msaada na kusomesha wasaidizi wa sheria. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Zanzibar kilifungua milango yake Tunguu, nacho kina kitivo cha sheria na sharia. Mwaka 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Hatua hizi zote ni za kupongezwa. Lakini majengo, sheria na shahada haviwezi kuchukua nafasi ya mtu mzima wa kazi anayemketisha kijana na kumwambia: "Mwanangu, tazama hapa, jambo hili hufanywa hivi."

Kuna jambo jingine ambalo halifundishiki darasani, nalo ni amana. Neno wakili lenyewe limebeba maana ya mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Katika mji mkubwa wa mamilioni ya watu, mwanafunzi anaweza kumaliza wiki zake zote asikutane na jina hata moja analolijua. Visiwa vyetu si hivyo. Mtu haendi mbali kabla hajamkuta mjomba, shemeji au jirani. Mwanafunzi anaweza kufungua jalada la talaka akakuta ni la mwalimu wake wa chuoni, au la mirathi akakuta ni la nyumba ya pili na kwao. Atafanya nini? Atamwambia nani? Jibu sahihi ni kwamba alifunge jalada lile, amwarifu msimamizi wake kwamba ana ujamaa na wahusika, na asilitaje nyumbani hata kwa mama yake mzazi. Lakini jibu hilo lazima afundishwe siku ya kwanza, si baada ya siri kufika barazani. Siri ya mteja mmoja ikivuja katika shehia, watu kumi watakaohitaji wakili wataona bora kunyamaza. Na katika mashauri ya udhalilishaji wa wanawake na watoto, ambayo Zanzibar iliyawekea mahkama maalum mwaka 2021, kunyamaza huko ndiko kunakompa nguvu mkosaji.

Jambo la tatu ni lugha. Vitabu vingi anavyovisoma mwanafunzi wa sheria vimeandikwa kwa Kiingereza, na mitihani yake huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Mteja atakayemjia husema Kiswahili. Upande wa Bara, Bunge lilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahkama, na mjadala wa jinsi ya kulitekeleza jambo hilo umeendelea. Lakini hata kabla ya sheria kubadilika, mteja alikuwa na haki ya kufahamu anachokitilia saini. Ni ofisini, si darasani, ambako kijana hulazimika kumweleza bibi wa miaka sabini, kwa maneno ya nyumbani, kwamba shauri lake limefutwa kwa kasoro ya hati lakini haki yake haijafutwa, na kwamba anaweza kulileta tena. Asiyeweza kulieleza hilo kwa Kiswahili fasaha bado hajaifahamu sheria, hata akiwa na alama za juu namna gani.

Sasa tuje kwenye swali la nani hupata nafasi. Chuo humpa mwanafunzi barua na kumwambia akatafute ofisi. Mwenye ami wakili au baba mwenye cheo hupata nafasi kwa simu moja. Mtoto wa mvuvi wa Micheweni au wa mwani wa Paje huzunguka na bahasha yake mpaka kaki inachakaa. Akibahatika kupata, hukabiliwa na nauli ya kila siku na chakula cha mchana, kwa kazi isiyo na malipo. Anayetoka Pemba huhitaji pia mahali pa kulala mjini Unguja, kwa kuwa ofisi nyingi za mawakili ziko huku. Matokeo yake ni kwamba mafunzo, ambayo yangepasa kumnyanyua yule aliyekuwa nyuma, humwongezea nguvu yule aliyekuwa mbele tangu mwanzo. Tukiendelea hivyo, taaluma ya sheria itakuwa ya koo chache za mjini, na wananchi wa mashamba watatetewa na watu wasioyajua mashamba.

Haki inatutaka tuwasikilize na mawakili. Ofisi nyingi hapa ni za mtu mmoja na karani wake, katika chumba kimoja. Wakili huyo ana kesi asubuhi, wateja mchana na maandishi usiku. Mwanafunzi kwake ni mzigo: humchukulia nafasi, humuulizia masuali, na akikosea, lawama na hasara ni za ofisi. Wako pia wanaosema kwamba majalada ni siri, na kwa hivyo ni salama zaidi mwanafunzi akae mbali nayo. Hoja ya kwanza ni ya kweli na inahitaji kusaidiwa. Hoja ya pili hatuikubali. Daktari hamfungii nje mwanafunzi wa udaktari kwa sababu maradhi ni siri; humfundisha kuitunza siri hiyo, kisha humwingiza kwa idhini ya mgonjwa. Wakili naye ana njia hiyo hiyo.

Kwa maoni yetu, yako mambo matano yanayoweza kufanywa bila ya kusubiri fedha nyingi wala sheria mpya.

Kwanza, vyuo vishirikiane na Chama cha Wanasheria Zanzibar kuweka daftari moja la nafasi, Unguja na Pemba, na wanafunzi wapangwe humo kwa utaratibu unaojulikana, si kwa ujamaa. Pili, Serikali ifungue milango yake zaidi. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ofisi za Mrajis, Mahkama ya Ardhi na vitengo vya sheria vya wizara vina kazi za kutosha, na baadhi yake vina ofisi Pemba, ambako mtoto wa Pemba angeweza kufunzwa akila na kulala kwao. Tatu, mwanafunzi asiye na uwezo apatiwe nauli na chakula. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na gharama ya kumsomesha miaka yote na kisha kumwacha aanguke mlangoni.

Nne, fomu ya tathmini ibadilishwe. Badala ya kuuliza kama kijana alihudhuria na kama ana nidhamu, iulize amesoma majalada ya aina gani, ameandika rasimu zipi, amehudhuria Mahkama mara ngapi, na amekosea wapi. Rasimu zenyewe, baada ya majina ya wateja kufutwa, ziambatishwe. Mwalimu wa chuo atakayekwenda kumkagua aketi naye na amuulize juu ya rasimu hizo, wala asiishie kutia saini daftari na kuondoka. Tano, kila mwanafunzi atie saini kiapo cha siri kabla hajakabidhiwa karatasi yoyote, na aelezwe maana yake kwa kinywa.

Kwa wanafunzi wenyewe tuna neno la kizazi kimoja kwa kingine. Si kila kosa ni la ofisi. Wako miongoni mwenu wanaofika saa nne, wanaoondoka kabla ya adhuhuri, na wanaoulizia fomu siku ya tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukipewa jalada ulibebe, omba ruhusa ulisome. Ukisikia neno usilolijua Mahkamani, liandike na uliulize jioni. Wakili mwenye shughuli nyingi hukasirishwa na kijana anayekaa bure, lakini ni nadra kumfukuza kijana aliyeleta rasimu ambayo hakutumwa kuiandika.

Na kwa ndugu zetu mawakili na wakuu wa ofisi za Serikali, tunaomba jambo moja dogo kuliko yote tuliyoyataja: msisaini kisichokuwa kweli. Kama kijana hakufunzwa, iandikwe kwamba hakufunzwa, na aliyehusika aone haya. Aibu hiyo ya mara moja itarekebisha mengi kuliko sifa za uongo za miaka kumi.

Katika mtaa wa Vuga bado limesimama jengo la zamani la Mahkama, lililosanifiwa na J. H. Sinclair na kukamilika mwaka 1908. Watu wa kila tabaka wamepanda ngazi zake, wengine kwa matumaini na wengine kwa hofu, na aghalabu walichokuwa nacho mkononi ni karatasi waliyoandikiwa na mtu mwingine. Watoto wetu nao watapanda ngazi za Mahkama wakiwa na karatasi kama hizo. Nani atakayeziandika, na kama atakuwa ameuona moto au la, ni jambo linaloamuliwa mwaka huu, katika ofisi ambazo vijana wenye bahasha za kaki wanabisha hodi.